Dotisaba Anajibu

Unaniuliza vita vya Isenga vilianza lini.
Watakwambia: siku bunduki ilipolia langoni,
siku Ngassa alipoanguka, mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Mimi nilikuwepo, nimeshika kata ya pombe.
Vilianza kabla ya hapo. Vilianza kwa hesabu.

Msafara ulitoka Ujiji mtama ukichanua:
pembe arobaini, vichwa mia na tisa.
Vichwa, ndivyo walivyosema. Shingo hazikutajwa,
wala makongwa yaliyozishika.
Kila kichwa kikipita kwetu kiliacha ushuru wa merikani,
na Mihambo akafunga fundo kwenye kamba,
fundo, fundo, fundo,
mpaka kamba ikawa kama mgongo wa kenge.

Usiku ule ikulu haikulala.
Mtemi alikuwa anakohoa nyuma ya ukuta,
na wanyampara wamepasuka kama gogo chini ya shoka:
huku Mihambo, huku Ngassa,
ndugu wa tumbo moja, walionyonya kwa zamu.

Mihambo akasema: Njia ni mto.
Ukiuziba utahamia kwa jirani,
naye atanunua baruti, kisha atatununua sisi.

Ngassa akasema: Jana walipita watu wa mbali.
Leo nimeona mnyororoni mwanamke mwenye chale zetu.
Kesho mtafunga fundo la nani?

Kimya. Nilisikia povu la pombe likipasuka.
Ndipo mzee Kapembe akacheka kwa pua:
Na shamba lako, Ngassa, analima nani?

Ndiyo. Niliwamiminia wote.
Mimi wa ng'ambo ya ziwa,
niliyenunuliwa Ujiji kwa doti saba za kaniki,
doti saba zikageuka jina langu.
Na aliyeninunua ni Ngassa.
Alisema maneno mazuri usiku ule, siwezi kumdhulumu marehemu.
Yalinishuka kooni kama asali ya miombo.
Kisha akanyoosha kibuyu chake nikijaze
bila kunitazama.

Baada ya hapo kila mtu akawa na upande.
Wanawake wakagawana visima.
Watani wakaacha kutaniana, na hilo ndilo lililonitisha.
Mtoto akizaliwa, swali la kwanza: wa njia, au wa lango?
Wa njia walipata bunduki kwa Waarabu wa Kwihara.
Wa lango walipata bunduki
kwa Waarabu wengine wa Kwihara.

Mihambo alikuja usiku na vipipa viwili:
Vifiche kihengeni, Dotisaba, chini ya mtama.
Kabla jogoo hajawika, Ngassa naye, na vitatu.
Nani angeshuku kihenge cha mjakazi?
Nikalala juu ya vita vyao,
pande mbili zimebanana gizani,
kwa amani, kama walivyobanana zamani mgongoni mwa mama yao.

Sikuwa na upande. Nilikuwa na mtungi.
Nikaenda Igombe mara tano,
na mara tano nikarudi nimejitwika maji.

Siku ilipofika, bunduki zilikohoa kama mtemi, zikanyamaza.
Moja tu ililia, ya mtu aliyetunza baruti yake mwenyewe.
Nilidhani basi. Nilidhani watarudi kuketi.
Wakashika mikuki.
Wakashika mashoka, wakashika vijinga vya moto.
Mchi wangu, huu niliotwangia miaka tisa,
niliuona mkononi mwa kijana nisiyemjua, umelowa.

Sijui kama maji yangu yalipunguza maiti au yaliwachelewesha kufa.
Usinijibu. Wewe hukuwepo.

Nilitoka kwa lango. Ilibidi nimruke Ngassa.
Macho yalikuwa wazi.
Ndiyo mara pekee aliyowahi kunitazama.

Kamba ya Mihambo niliiokota vumbini, hii hapa.
Tangu siku ile nimefungua mafundo sitini na mawili.
Yaliyobaki yamekaza, na vidole vyangu vimezeeka.
Wewe una kucha.
Keti.